Harufu ya Sandukuni

Swali la daktari lilinikuta nimesimama, mkono mmoja umeshika kadi ya kliniki, mwingine simu. Mtoto ananyonya mara ngapi, hilo alikwisha kuliuliza. Amekojoa mara ngapi, nalo pia. Sasa akauliza: "Nguo anazovaa mtoto zilikuwa zimehifadhiwa wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtoto ana siku nne duniani, macho yake yamekuwa ya njano kama yamepakwa binzari, mkojo wake kwenye nepi rangi ya chai ya rangi, halafu daktari anauliza habari za nguo! Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali wasiyoyatarajia. Asubuhi ile nilionja upande wa pili.

"Sandukuni, kwa mama yangu," nikajibu. "Tanga."

"Na sandukuni kulikuwa na nini kingine?"

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, kampakata mtoto. Hakunitazama. Alijibu yeye, kwa sauti ya chini: "Naftalini."

Sanduku lenyewe nalijua tangu sijaanza shule. Ni la bati, rangi yake ilikuwa ya buluu zamani, na komeo lake lilishakufa. Mama hulifunga kwa kipande cha waya. Lilikaa chini ya kitanda chake, na kulifungua ilikuwa shughuli ya sikukuu au ya msiba. Likifunguliwa tu, ile harufu ilitoka mbele ya vitu vyote. Kali, baridi, tamu kidogo kwenye koo. Halafu ndiyo unaanza kuona: leso za mama zilizokunjwa mbili mbili, shuka za harusi, picha za marehemu baba, vyeti vyake vya ualimu, na huku pembeni, kwenye kitambaa cheupe, nguo zangu za uchanga.

Mama alizitunza miaka thelathini na zaidi. Vishati vitatu vya pamba, soksi jozi moja, na kofia ya sufu aliyoifuma bibi yangu mwenyewe kabla macho hayajamtoka. Kila mwaka mama alikagua, akaongeza vidonge. Aliponunua vipya sokoni alinituma nivihesabu. Vyeupe, vya mviringo, vinang'aa kidogo, ungedhani pipi za mnanaa. Muuzaji alivipima kwa kiganja na kuvifunga kwenye kifuko cha plastiki kisicho na maandishi hata moja. Mpaka leo ukipita kwenye meza za wamachinga utavikuta hivyo hivyo, karibu na sindano, betri na dawa ya panya.

Mwanangu alipozaliwa, mama alipanda basi la alfajiri kuja Dar es Salaam, kile kitambaa cheupe kikiwa kwenye pochi yake kwa muda wote wa safari. Hakukiweka hata kwenye buti. Alikifungua mbele yetu kitandani na sebule nzima ikanukia Tanga. Nilicheka kama mtoto. Mke wangu alinusa, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akasema kwa adabu, "Mama, ahsante sana. Tuzifue kwanza, zikae juani siku mbili tatu."

Sasa hapa ndipo pangu. Mama alinyamaza; hakukataa, hakukubali. Mimi ndiye niliyesema, "Acha bwana, hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Mbona mimi zilinilea?" Nikachukua kishati kimoja, nikamvika mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Shangazi zangu wakajaza mioyo myekundu.

Kwa siku mbili mtoto alivaa nguo zile, akalala na kofia ile, akafunikwa leso ya sandukuni. Mama alimkanda kila jioni kwa mafuta ya nazi kama alivyokandwa baba yake. Siku ya nne mke wangu aliamka usiku kumnyonyesha, mtoto hataki ziwa. Akawasha taa. Akaniamsha. Jirani alituambia tumwanike jua la asubuhi, manjano ya watoto huisha yenyewe. Mke wangu alikuwa keshavaa viatu.

Daktari alitueleza akiwa anaandika, bila kuinua kichwa, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Watoto wengi huwa na manjano kidogo siku za mwanzo, na wengi hupona. Huyu wetu manjano yake yalikuwa yanakwenda mbio na damu ilikuwa inapungua. Chembe zake nyekundu zilikuwa zinapasuka. Akachukuliwa vipimo, akawekwa kwenye taa za buluu, macho yamezibwa kwa kitambaa, amebaki na nepi tu. Kile kishati nilipewa mimi kwenye mfuko wa plastiki. "Ufunge vizuri," nesi akasema, "usiufungue humu."

Mtoto alikaa chini ya taa siku nne na aliongezewa damu mara moja. Siku hizo zote nilikaa korido, na kwa kuwa sijui kukaa bila kusoma, nilisoma.

Naftalini, nikagundua, ni mtoto wa makaa ya mawe. Huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 walipokuwa wakiyachoma makaa kupata gesi ya taa, ilibaki lami nyeusi inayonuka, na kwenye lami hiyo wakapata fuwele nyeupe safi. John Kidd, mwalimu wa Oxford, ndiye aliyezielezea na kuzipa jina mwaka 1821, akilitoa kwenye neno nafta. Miaka mitano baadaye Michael Faraday, yule wa umeme, alipima vilivyomo: kaboni na haidrojeni basi, kaboni kumi kwa haidrojeni nane kama tunavyoandika leo. Hakuna kingine. Taka ya kiwanda ikawa mlinzi wa nguo.

Ulinzi wake ndio ulionishangaza. Kidonge hakiyeyuki kuwa maji. Kinageuka mvuke moja kwa moja kutoka hali ya ugumu, taratibu, ndiyo maana mama kila mwaka alikuta vimekonda na akadhani "vimeliwa". Mvuke huo ukijaa ndani ya sanduku lililofungwa barabara, nondo na viwavi wake hufa. Sanduku likiwa na upenyo, mvuke unatoka na kukaa chumbani pamoja nawe. Kwa hiyo ile harufu niliyoipenda ndiyo dawa yenyewe. Ukiisikia puani, ujue tayari unaivuta.

Na kuna jingine ambalo bado linaniuma kwa namna ya kuchekesha. Nondo wa nguo hali pamba. Kwanza yule anayeruka hali kitu kabisa. Anayekula ni kiwavi wake, na kiwavi anataka vitu vya mnyama: sufu, hariri, manyoya, unyoya wa ndege. Pamba hawezi kuisaga tumboni. Leso ni pamba. Vile vishati ni pamba. Kwa miaka yote ile, katika kitambaa kile, kitu kimoja tu kilikuwa na adui wa kweli: kofia ya bibi. Vingine vyote vilikuwa vinalindwa dhidi ya mdudu asiyevitaka. Adui wa leso ni unyevu, ukungu, panya na mende, na kwa hao dawa kubwa ni kufua vizuri, kukausha mpaka ikauke kweli, kuanika mara kwa mara na kufunga vizuri.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunachanganya majina pia. Wapo wauzaji wanaoviita vidonge hivi kafuri. Kafuri ni kitu kingine. Hutoka kwenye mti wa Asia, na kabla ya naftalini ndiyo iliyowekwa kwenye makabati ya nguo. Sisi watu wa pwani tunaijua zaidi kwenye kuosha maiti, kwenye maji ya mwisho. Nayo si ya kuchezea: mtoto akiila anaweza kupata degedege. Lakini si naftalini, na aliyekuuzia moja kwa jina la nyingine hakujui wewe wala mwanao.

Siku ya tatu yalirudi majibu ya kipimo kimoja tulichokuwa tunasubiri. Mwanangu ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Daktari alituchorea kwenye nyuma ya karatasi. Kimeng'enya hiki ni kama mlinzi wa zamu ndani ya chembe nyekundu. Naftalini ikiingia mwilini, kwa kuvutwa au kupitia ngozi, mwili huigeuza kuwa vitu vinavyoichoma chembe kutoka ndani. Mwenye mlinzi anavumilia kiasi. Asiye na mlinzi, chembe zinapasuka, rangi ya njano inamwagika kwenye damu, na ini la mtoto mchanga bado halijui kuisafisha. Ikizidi inapanda kwenye ubongo, na huko ikiharibu, imeharibu. Kuna waliobaki viziwi. Kuna wasiotembea.

"Na mafuta?" nikauliza, maana nilikwisha kusoma.

"Mafuta yanaisaidia kupita kwenye ngozi," akasema. Basi mama alikuwa anamkanda mjukuu wake kwa mapenzi yote, na mapenzi yale yanafungua mlango.

Upungufu huu si ugeni. Umeenea kote malaria ilikokaa muda mrefu, na inadhaniwa ulibaki kwa sababu unampa mwenye nao nafuu fulani mbele ya malaria. Wengi wetu tunaishi nao mpaka uzee bila kujua, mpaka siku dawa fulani au kitu kama hiki kinapouamsha. Umebebwa kwenye kromosomu X, ndiyo maana watoto wa kiume ndio hupatwa zaidi, na mtoto wa kiume X yake hutoka kwa mama.

Mke wangu alisikia hilo akainamisha kichwa. Nilijua anachofikiri. Kwa siku tatu nzima alikuwa na haki ya kunilaumu mimi na mama yangu, na hakuitumia. Sasa karatasi inamwambia kwamba nusu ya jambo imetoka kwake. Nikamwambia nilichopaswa kusema siku ile kitandani: "Ulisema zifuliwe. Mimi ndiye niliyekataa." Hakunijibu. Alinishika mkono, akaubana, akaendelea kutazama taa za buluu.

Ingekuwa rahisi kuishia kwenye bahati mbaya ya kurithi. Lakini mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika kuhusu watoto wachanga 21 waliopasukwa na chembe za damu baada ya kuvuta mvuke wa naftalini, na si wote waliokuwa na upungufu. Uchanga wenyewe ni udhaifu wa kutosha. Mwaka 2002 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka naftalini kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliondoa vidonge hivi sokoni mwaka 2008. Kwetu vinapimwa kwa kiganja.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama.

Wakati wote ule alikuwa nyumbani kwetu, anapika, anatuma uji kwenye chupa, anasali. Nilikwisha kumwambia ni manjano tu. Nilifikiria kumwacha hivyo hivyo. Mama ana miaka sabini. Kuna faida gani kumtwisha? Ni mke wangu aliyesema, "Dada yako anajifungua Desemba. Na sanduku bado lina leso."

Nikamkuta jikoni anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mjukuu wangu?"

"Anaendelea vizuri, alhamdulillah. Mama, nataka kukwambia kitu, lakini kwanza ujue mimi ndiye niliyemvika."

Nikamweleza yote. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo wewe pia huenda unalo: "Mbona wewe ulizivaa ukawa mzima?"

Nikamjibu nilivyofahamu. Kwanza mimi nilipozivaa zilikuwa mpya, zimetoka dukani. Naftalini ilikuja baadaye. Pili, huenda mimi mlinzi wangu yupo. Ni bahati, mama.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Na kaka yako?"

Kila mtu kwetu anajua habari za kaka yangu, na hakuna anayezizungumza. Alinitangulia kwa miaka miwili. Aliishi wiki moja. Hakuwahi kuwa na nguo zake mwenyewe. Mama alikuwa ameanza kazi, mshahara mdogo, kwa hiyo bibi alimletea za wajomba. Kutoka sandukuni. Lile lile.

"Alikuwa wa njano," mama akasema. "Mpaka kucha. Wakasema ni jicho."

Mwandishi wa habari ndani yangu alitaka kuuliza: siku ya ngapi, mkojo wake ulikuwaje, alilia sauti gani. Maswali yote yalikuwepo, yamepangwa. Lakini manjano ya mtoto mchanga yana sababu nyingi. Kundi la damu la mama na la mtoto kutopatana. Maambukizi. Kuzaliwa kabla ya wakati. Hakuna karatasi, hakuna kipimo, hakuna daktari aliyebaki wa kuulizwa. Nikasema ukweli pekee niliokuwa nao: "Hatuwezi kujua, mama. Hatutajua."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mchele wake. Baada ya muda akasema, "Basi hilo sanduku tutalifungua."

Tulilifungua wiki tatu baadaye, Tanga, mtoto akiwa amebaki Dar na mama yake. Tulilitoa nje uani, si ndani. Mama alivaa glavu za kuoshea vyombo, mimi nikaokota vidonge kimoja kimoja na kuvitia kwenye chupa yenye kifuniko. Hatukuvimwaga chooni wala kwenye mtaro, na hatukuvichoma. Naftalini inashika moto na moshi wake si wa kuvuta. Tulikuta vingine kwenye kabati la jikoni, karibu na unga, mama aliviweka kwa ajili ya mende. Viwili vilikuwa mlangoni kwa ajili ya nyoka. Nilimwambia nyoka hajali, anayejali ni mtoto wa jirani anayetambaa.

Akauliza, na mtoto huyo akikimeza je, si tunampa maziwa? Ndivyo tulivyofundishwa wote: sumu, maziwa. Kwa naftalini ni kinyume. Maziwa na chochote chenye mafuta vinaisaidia kuingia mwilini upesi zaidi. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mchukue na kile kifuko chake, mwende hospitali, hata kama anacheza na anacheka, maana damu huanza kupasuka baada ya siku moja au mbili.

Leso tulizifua kwa maji ya moto, tukazianika, tukazifua tena. Siku ya tano bado zilikuwa na harufu kwa mbali. Mama sasa anaziweka kwenye mfuko mzito wa plastiki baada ya kuzikausha, na karafuu chache ndani kwa ajili ya kunukia. Nilimwambia karafuu haziui chochote. Akasema anajua, ni kwa ajili yake, si kwa ajili ya wadudu. Kofia ya bibi ndiyo pekee iliyorudishiwa kidonge, kimoja, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, juu ya kabati la stoo ambako hakuna anayelala. Kwenye kopo nimeandika kwa kalamu nzito: SUMU. SI YA MTOTO.

Kile kishati kipo kwangu bado, kwenye mfuko alionipa nesi. Mwanangu ana miezi minne, anasikia, anashika, anacheka akiona feni. Dada yangu kajifungua mtoto wa kike, na nguo zake zote zimenunuliwa mpya. Mama alikwenda mwenyewe dukani. Dada anasema kila nguo aliyoishika aliinusa kwanza, mbele ya muuzaji, bila haya.